Kabla Hujaandika "Uzembe wa Dereva"

Nyasubi, Kahama
Jumapili, jua linazama

Mwanangu Kabula,

Uko chumba cha pili unakunja nguo. Nasikia ukilifunga sanduku, likikataa, ukitoa kitu na kujaribu tena. Mimi niko hapa mezani nakuandikia kama mtu aliye mbali. Najizoeza. Kesho wakati kama huu utakuwa Geita, Kalangalala kwa shangazi yako, na kati yangu na wewe patakuwa na karatasi tu.

Habari za chakula, maji ya kuchemsha na wavulana sitaziandika. Shangazi yako anazo nyingi kuliko mimi, na atakuambia hata usipomwuliza. Nataka kukuandikia habari za kazi yako, na za baba yako. Kwangu mimi hizo ni habari moja.

Siku ile uliponisomea barua ya kazi, ulifika mahali palipoandikwa kwamba karani wa ofisi ya magari atapokea taarifa za magari yaliyoharibika na kuziandika kwa ufasaha ili zipelekwe juu. Ulisoma kwa sauti ya furaha. Mimi nikainuka kwenda kuangalia moto, na moto ulikuwa unawaka vizuri. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, mwanangu. Lakini una mwandiko wangu. Una hata tabia yangu ya kutafuta neno moja zuri la kufunga sentensi, na niliogopa.

Baba yako alikuwa dereva wa chama chetu cha ushirika, hilo unalijua. Pengine hukumbuki gari lake la kwanza, ile pikapu ya kijani ambayo watu waliiita Nzagamba, kwa sababu ilivuta kama fahali. Ilikuja kabla hujazaliwa. Msimu wa pamba ilibeba magunia kutoka vituo vya kununulia mpaka ghalani, kwenye njia ambazo zilikuwa za ng'ombe kabla ya kuwa barabara. Mlango wake ukiufunga ulitoa sauti nzito, kama mlango wa ghala. Sakafu yake ya nyuma, hata gunia likitupwa kutoka begani, haikubonyea. Baba yako aliwahi kuniingiza uvunguni mwake, tukiwa wachumba bado, akanionyesha chesesi, ule mgongo wa chuma unaobeba gari lote. Ulikuwa kama boriti iliyofungwa pande zote nne. Aliugonga kwa spana, akaniambia nisikilize. Wachumba wengine walipelekwa kupiga picha studio. Mimi nilipelekwa chini ya gari, na nilirudi nyumbani na grisi shingoni, na mama yangu akauliza maswali.

Nzagamba ilizeeka kwa heshima. Ilipofika wakati wa kuibadilisha, kamati iliagiza nyingine ya jina lile lile. Nilikuwa katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyeandika barua ya maombi, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesoma sekondari. Gari jipya likaja. Rangi ile ile, umbo lile lile, jina lile lile kwa herufi za chuma kwenye mlango wa nyuma. Wajumbe tulilipokea kama tunavyopokea maksai: tukalizunguka, tukalishika, mtu akalipiga kofi ubavuni. Halafu mwenyekiti, Mzee Lushinge, akasema tulipime. Wajumbe wote wakapanda nyuma, na wazee wawili waliokuwa wanapita tu, na baba yako akatuzungusha uwanjani mara kadhaa. Watu walicheka, kofia zikadondoka. Tukashuka, tukasema gari ni zima. Uwanja ulikuwa tambarare, mwanangu, na sisi si magunia ya pamba, lakini tulisema ni zima na mimi nikaandika hivyo. Lile kuukuu tukaliuza juma lile lile kwa mfanyabiashara wa Ushirombo, kwa hiyo hayakusimama pamoja hata siku moja ili mtu ayatazame yote mawili.

Hazikupita wiki nyingi, baba yako akarudi jioni na kukaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Mama Kabula, lile gari linajikunja," akasema.

"Linajikunja vipi?"

"Nikipita kwenye shimo, kabini inakwenda huku, nyuma inakwenda kule. Nasikia mgongoni."

"Umelizoea lile la zamani. Ndivyo ilivyo kitu kipya."

"Nimelala chini yake leo. Chesesi yake iko wazi upande mmoja, kama mfereji. Springi wamepunguza chuma mbili kila upande. Na bati la nyuma, gunia likianguka linaacha alama."

"Sasa watengenezaji wa Ulaya na wewe, nani anajua?" nikamwambia, na nikacheka. Naye akacheka. Nilikuwa nimeshika kitabu cha chama, nilikuwa na kazi. Katika shajara yangu ya siku ile niliandika mvua imenyesha Nyasubi, na bei ya sabuni. Hayo mazungumzo sikuyaandika. Nayakumbuka tu.

Mvua za kwanza zilipokwisha, rangi ilianza kuvimba kwenye ukingo wa milango. Ukiukwaruza kwa kucha unakuta kutu chini yake. Kiti cha abiria kilikatika kwenye reli. Watoto wa mtaani walianza kuliita Debe. Baba yako aliomba kamati ipunguze magunia, safu ya tatu isipakiwe. Bwana Ngassa, mweka hazina, akamwambia, "Nzagamba ilibeba safu tatu. Au umechoka kuendesha, ndugu yangu? Sema, tukutafutie baiskeli." Tukacheka tena. Nilikuwa najua kucheka sana miaka ile.

Msimu wa pili, likiwa na safu tatu, lilikatika. Lilikuwa linapanda kutoka kwenye kijito kile cha kwa Mwandu, polepole, gia ya kwanza, na chesesi ikakatika nyuma ya kabini. Pua ikaangalia juu, mkia ukalala chini, magunia yakamwagika topeni. Hakuna aliyeumia. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama mtu angeumia, kama wangetazama gari kwa makini zaidi. Sijui. Pengine wangemtazama yeye kwa ukali zaidi.

Lilivutwa kwa maksai mpaka uwanja wa ghala, na kikao kikaitishwa hapo hapo, viti vikatolewa nje. Ulikuwa na miaka minane, ulikuwa kwa bibi yako. Kwa hiyo nitakuambia jinsi kilivyokuwa, kwa sababu nilikuwepo na nilikuwa na kalamu.

Bwana Ngassa ndiye aliyeanza. "Dereva, lile la kwanza umeliendesha misimu mingapi?"

"Kumi na miwili," baba yako akasema.

"Lilikatika?"

"Halikukatika."

"Na hili?"

"Huu ni wa pili."

"Barabara ile ile. Mzigo ule ule. Gari lile lile, jina hilo hapo, anayejua kusoma asome. Basi ndugu wajumbe, nani amebadilika?"

Watu walicheka. Mzee Lushinge hakucheka, alikuwa mtu mwema, lakini aliinamisha kichwa kama mtu aliyesikia jambo lisilo na jibu.

Baba yako hakubishana. Aliweka kofia yake juu ya boneti, akalala kwenye tope, akaingia chini ya gari, tukaona miguu tu. Sauti yake ikatoka huko chini: "Njooni muone. Chuma kimeraruka kama karatasi. Hakikuvunjwa, kimeraruka. Njooni."

Hakuna aliyekwenda. Wajumbe walikuwa wamevaa mashati ya kikao. Mtu mmoja akasema, "Sisi si mafundi," na mwingine akasema, "Toka huko, mzee, utachafuka," na wakacheka kidogo. Ndipo alipotoa kichwa upande wangu.

"Mama Kabula. Njoo wewe. Unapajua huku chini."

Kabula, nilikuwa nimevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Nilikuwa mwanamke pekee kwenye kamati ile, na mke wa mtu anayehojiwa. Niliona kwamba nikiinuka nitaonekana mke, na nikikaa nitaonekana katibu. Miaka yote nilikuwa napigania kuonekana katibu.

Nikasema, "Baba Kabula, tumalize kikao kwanza."

Akanitazama. Hakukasirika. Alitoka polepole, akajifuta mikono kwenye suruali, akachukua kofia yake.

Mzee Lushinge akasema tuandike tu kwamba gari limeharibika mikononi mwa dereva. Sentensi ile ilikuwa ndefu na haikupendeza. Mimi ndiye niliyepata neno. Nikasema, "Tuandike: chanzo ni uzembe wa dereva." Wote wakakubali, wakasema ndiyo maana tulimchagua msomi. Nikaandika kwa wino mweusi, mistari imenyooka.

Hata sikuliamini. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Sikuwa na chuki na baba yako, sikumdhania mzembe hata siku moja; alikuwa mtu anayeshuka garini kukagua kalavati kwa miguu kabla ya kupita. Nililiandika kwa sababu lilikuwa fupi.

Walimwachisha kazi. Alikwenda kuomba kwa wenye malori Kahama mjini, kwa misheni, kwa wafanyabiashara wa Shinyanga, na kila mahali waliomba barua ya mwajiri wake wa mwisho, na barua ile ilikuwa na maneno yangu. Nyumbani hakunitukana. Hakupandisha sauti. Alianza kunisalimu vizuri, kwa adabu, kama mpangaji. Baada ya mavuno alikwenda Nyarugusu kuchimba. Watu wakasema amefuata dhahabu kama wanaume wengine, na mimi nikawaacha waseme. Na wewe nikakuacha uamini hivyo mpaka ulipofika darasa la saba, nilipokuambia nusu. Hii ndiyo nusu iliyobaki.

Msimu uliofuata nilitumwa Shinyanga, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kupeleka hesabu za mwisho za chama, maana kilikuwa kinavunjwa. Nyuma ya kiwanda kulikuwa na uwanja wa magari mabovu. Nilipita hapo nikitafuta choo. Nikaona pikapu za kijani, zile zile, zimepangwa ukutani kama ng'ombe walioshindwa kusimama. Za vyama mbalimbali, kila moja na jina la kijiji chake mlangoni. Zote zimekatika nyuma ya kabini. Nilizunguka moja moja, na ya tatu nikainama, na ya nne nikalala chini, na gauni langu. Upande wa kulia ndio ulioanza, kila mara. Chuma kimeraruka kama karatasi.

Madereva wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli wanacheza bao.

"Mama, umepoteza hereni huko chini?" mmoja akauliza.

Nikawauliza haya magari yana nini.

"Hayana kitu, ndiyo ugonjwa wake," akasema. "Kule yanakotengenezwa wamepunguza chuma mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo. Jina wamelibakiza, maana jina halina gharama."

"Na wenye magari wanajua?"

"Wanajua madereva wa siku hizi ni wabovu," mwenzake akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye bao. "Mimi mwenyewe ni mzembe, nimeandikiwa."

Sikuweza kucheka. Nilikaa kwenye basi la kurudi Kahama nikiwa na tope mgongoni, na abiria mmoja akanifuta bila kuniuliza.

Siku chache baadaye nilikwenda Nyarugusu. Nilikuambia nakwenda kwenye msiba. Wachimbaji walikuwa wanatwanga mawe, wote wamekuwa rangi moja ya vumbi, sikuweza kumtofautisha mtu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta mume wangu."

"Ungesema dhahabu tungekusaidia," mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko. Lakini nilipotaja jina lake walinyamaza, na mdogo wao akasema kwa heshima, "Unamtaka Dereva." Huko wanamwita Dereva, Kabula. Hana hata toroli, na wanamwita Dereva.

Alinikaribisha. Alinipa kigoda akakaa chini, akanipa chai kwenye kikombe chake. Alikuwa amekonda, na alikohoa akigeuza uso. Nikamwambia yote kwa pupa, kabla chai haijapoa: nimeyaona Shinyanga, mengi, yamekatika yote.

"Yamekatika wapi?"

"Nyuma ya kabini."

"Upande gani ulianza?"

"Kulia."

Akaitikia kwa kichwa. "Kulia. Upande wa tangi la mafuta. Nilijua." Na kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa zamani, wa kijana mwenye spana, nikadhani mambo yamekwisha.

"Kwa hiyo umeamini," akasema.

"Nimeamini, Baba Kabula."

"Umeyaamini magari."

Sikuelewa mara moja. Akasema taratibu, kama mtu anayeelekeza njia: "Mimi nilikuambia, mume wako, tena zaidi ya mara moja. Nilikuita kwa jina la mtoto wetu mbele za watu. Hukuja. Leo magari ya watu usiowajua yamekuambia, na umesafiri siku nzima."

Nikainywa chai yake mpaka ikaisha. Mimi, msomi wa kamati, nikamrudishia kikombe.

Akainuka, akaangalia jua. "Nenda sasa. Gari la mwisho linaondoka mapema na barabara imeharibika. Ukae mbele, nyuma linarusha."

Niliporudi nilitaka angalau lile neno lifutwe. Lakini chama kilikuwa kimeshavunjwa, makabati yamehamishwa hakuna anayejua wapi, Mzee Lushinge amefariki. Hapakuwa na mtu wa kumpelekea sahihisho. Nililipeleka kwa padri, akanipa sala za kusali, nikazisali. Baba yako amebaki huko. Fedha za ada yako alizituma kila muhula kwa mkono wa mtu, unajua hilo, na mimi hakunitumia hata salamu.

Sasa wewe unakwenda kukaa mezani na kalamu. Yatakuja magari, na yanayotengenezwa siku hizi ni mepesi kuliko lile letu. Nimeyaona pale stendi, milango yake inapigwa kama sufuria. Yatakatika. Madereva wataletwa mbele yako wamevua kofia, na mtu mwenye shati safi atakuwa ameshajua jibu, na atataka wewe ulipate neno. Sina cha kukufundisha zaidi ya hiki: ukiitwa chini ya gari, nenda. Nenda na gauni lako. Usipoelewa unachokiona huko, angalau yule aliyekuita atajua ulikuja. Na kama siku hiyo utashindwa, maana watu ni wengi na aibu ni kitu kikubwa, basi acha sentensi iwe ndefu na mbaya. Usiwasaidie kuifupisha.

Leo mchana ulipouliza kama nitakusindikiza mpaka Geita, nilikujibu kwamba kesho nina kikao cha kamati ya shule. Sina kikao. Yule mama anayeuza dagaa Nyarugusu alipita hapa Ijumaa. Baba yako amesikia habari za kazi yako. Amesema atakuja Kalangalala Jumamosi hii kukuona, amenunua hata shati. Nikamwuliza yule mama kama alisema na mimi nije. Alizungusha kikapu chake kidogo, halafu akasema, "Alisema mtoto aje peke yake, Mama Kabula. Usinihukumu, mimi nimetumwa tu."

Kwa hiyo nitaishia stendi. Utakapomwona, mwamkie, umpe maji, umwache akutazame mpaka atosheke. Ni miaka mingi. Usinitetee. Akininena vibaya, ana haki yake, usikilize na umalizie chakula chako. Usimwambie kwamba nimekonda, wala kwamba sikuolewa tena, wala kwamba kila gari linalopita usiku hapa Nyasubi najua injini yake. Usimwombe arudi. Ungemwomba angekukatalia wewe, na hilo sitaki ulibebe.

Ukiniandikia, nieleze kama kifua chake bado kinamsumbua, na kama shati lilimkaa. Usiniandikie kama aliniulizia au hakuniulizia. Nitaisoma barua yako mara nyingi nikitafuta, lakini usiniandikie.

Sanduku limefungika, nimesikia. Nakuja kukusaidia kulifunga kamba.

Mama yako